Mita 25 za uani zinazokula mtaji wa mfanyabiashara mdogo

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wengi wadogo mijini wanalipia intaneti ya mwezi mzima nyumbani, kisha kila asubuhi wananunua tena bando la simu ili wafanye kazi katika banda lililo nyuma ya nyumba hiyohiyo. Intaneti ipo sebuleni, ambako watoto wanatazama katuni. Biashara ipo uani, ambako mawimbi ya Wi-Fi hayafiki. Gharama zote mbili zinatoka katika mfuko mmoja.

Wanaokutwa na hali hii ni wengi. Yupo fundi cherehani mwenye banda uani anayepokea oda kwa WhatsApp. Yupo mwenye stoo ya bidhaa za jumla, mfugaji aliyefunga kamera katika banda la kuku, wakala wa fedha za simu mwenye frem iliyoshikana na uzio, na mwenye nyumba aliyejenga vyumba vitatu vya kupangisha nyuma ya nyumba yake. Hao wote wanafanya biashara ndani ya kiwanja chao, lakini nje ya kuta za nyumba yenye intaneti.

Wiki hii ukurasa huu unaacha kidogo bei za mazao na fedha za kigeni, unaangalia soko la vifaa vya kufikisha Wi-Fi katika jengo la uani. Tunaangalia kipi kinafaa, kipi ni hasara, na fedha iliyowekwa inarudi baada ya muda gani.

Jambo moja tunaomba msomaji alishike kabla hajaenda dukani. Kwa banda la tofali au la bati lililojitenga na nyumba, tatizo kwa kawaida ni ukuta, si ukubwa wa kifurushi. Anayepandisha kifurushi ili banda lipate mtandao ni sawa na anayelipia maji zaidi wakati bomba limeziba. Bili itapanda, na ndoo ya uani itabaki tupu.

Safari ndefu, kikwazo kifupi

Mpaka mwaka 2009 sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilitegemea satelaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nchi za nje, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Mwaka huo kebo ya SEACOM ilianza kazi katika pwani yetu, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Kebo hizo zimelazwa chini ya bahari kwa maelfu ya kilomita. Mawasiliano yanasafiri umbali wote huo, yanafika mlangoni kwa mteja, kisha yanashindwa kuvuka ua wa mita 25.

Sababu ni ya kimaumbile. Wi-Fi ni mawimbi ya redio yenye nguvu ndogo, na nguvu hiyo ina kikomo kilichowekwa na mamlaka za mawasiliano. Katika eneo la wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayofika hubaki robo. Hayo ni kabla ya kukutana na ukuta wowote.

Ruta nyingi za leo hurusha mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 2.4 huenda mbali zaidi na hupenya ukuta vizuri zaidi, ila yana msongamano kwa kuwa majirani wote wanayatumia. Ya 5 yana kasi zaidi lakini huchoka upesi, hasa yakikutana na tofali. Mfanyabiashara anayeona jina la mtandao wake mara mbili katika simu, moja likiwa na namba 5, ajue kuwa uani atapata zaidi lile lisilo na 5.

Vifaa vya ujenzi navyo havilingani. Mbao na dari nyepesi hupunguza mawimbi kidogo. Tofali za saruji hupunguza zaidi, na zege yenye nondo zaidi tena. Katika nyumba za kale za Zanzibar, Mombasa na Lamu, kuta za mawe ya matumbawe hufikia unene wa nusu mita, na hapo hata chumba cha pili huwa shida. Bati ndilo baya kuliko yote. Chuma huyarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Banda lililozungushiwa bati pande zote na kuezekwa bati ni sawa na sanduku la chuma. Mawimbi huingia kwa mlango, dirisha na nyufa tu.

Ndiyo maana ruta yenye antena sita au nane inayosifiwa dukani haitoi jibu kwa mwenye banda la bati. Isitoshe, mawasiliano ni ya pande mbili. Hata kama ruta itapaza sauti, simu iliyo uani nayo lazima ijibu, na redio ya simu ni dhaifu kuliko ya ruta. Hapo ndipo mteja anaposhangaa kuona alama za mtandao zimejaa lakini malipo hayapiti.

Kipimo kisicho na gharama

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mfanyabiashara anaweza kufanya uchunguzi wake mwenyewe kwa simu. Kazi hiyo haizidi nusu saa.

Kwanza, asimame karibu na ruta na kupima kasi ya intaneti. Namba hiyo aiandike. Kasi ikiwa mbovu hata hapo, tatizo ni la mtoa huduma au la kifurushi, na hakuna kifaa cha uani kitakachomsaidia.

Pili, aende mlangoni mwa nyumba, katikati ya ua, mlangoni mwa banda na mwishowe ndani ya banda, akipima na kuandika kila mahali. Simu za Android zina programu za bure zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa desibeli, kwa namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Karibu na ruta namba huwa -40 au -50. Mpaka -67 hivi mtu anaweza kuongea kwa video bila kukatika. Ikipita -70 matatizo huanza, na ikipita -80 ni afadhali kuhesabu kuwa mtandao haupo. Namba hizi hazishuki kama bei za nyanya: kutoka -60 hadi -80 maana yake nguvu imebaki sehemu moja ya mia.

Tatu, apime ndani ya banda mlango ukiwa wazi, kisha ukiwa umefungwa. Namba ikianguka sana mlango unapofungwa, mkosaji ni bati au kuta za banda lenyewe. Ikiwa mbovu hata katikati ya ua palipo wazi, mkosaji ni ukuta wa nyumba au mahali ruta ilipowekwa.

Jambo hilo la mwisho halipewi uzito unaostahili. Fundi wa kampuni ya intaneti huifunga ruta pale waya unapoingilia, mara nyingi nyuma ya televisheni au kwenye kona ya upande wa barabarani. Kuihamishia dirishani upande wa uani, juu ya kabati badala ya sakafuni, na mbali na friji, kunaweza kuongeza nguvu ya kutosha bila gharama. Wapo watakaomaliza tatizo lao kwa hatua hii peke yake, na hao wasome makala hii iliyobaki kwa kujifurahisha tu.

Bidhaa zilizopo sokoni

Kwa ambao kuhamisha ruta hakutoshi, soko lina njia nne za kawaida. Tunazipanga kuanzia ile inayonunuliwa sana.

RIPITA. Hiki ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi, kinapokea mawimbi ya ruta na kuyarusha upya. Bei yake ni ndogo na hakihitaji fundi, ndiyo sababu kinauzika haraka. Kasoro yake ni kwamba kinarudia kile kinachosikia. Wanunuzi wengi hukichomeka ndani ya banda, mahali pasipo na mawimbi, kisha hulalamika kuwa ni feki. Ripita inayosikia mnong'ono itarudia mnong'ono. Mahali pake ni katikati ya safari, pale ambapo namba bado iko -65 au nzuri zaidi, kwa mfano dirishani mwa chumba cha nyuma kinachotazama uani.

Aidha, ripita za bei ya chini hutumia redio moja kupokea na kurusha, hivyo kasi hupungua kwa nusu hivi. Kwa wakala wa fedha au fundi anayepokea oda, nusu inatosha kabisa, maana malipo na ujumbe havihitaji kasi kubwa. Kwa mwenye kamera nne za ulinzi ni suala jingine. Tathmini yetu: inafaa kwa banda la mbao au tofali lililo karibu. Kwa banda la bati, usinunue.

Seti za ruta mbili au tatu zinazouzwa pamoja kwa jina la meshi ni ndugu wa ripita, ila zina akili zaidi na bei ya juu. Nazo zisipounganishwa kwa kebo zinategemea mawimbi kuvuka ua, kwa hiyo ukuta ulioshinda ripita utazisumbua pia.

KUPITIA WAYA WA UMEME. Vipo vifaa vinavyouzwa viwili viwili, kimoja kinachomekwa nyumbani na kingine bandani, na intaneti inapita katika waya wa umeme uliopo. Vinafanya kazi ikiwa banda linapata umeme kutoka mita ileile ya nyumba. Banda lenye Luku yake, au lililo kwenye fezi nyingine, matokeo huwa mabaya au hakuna kabisa. Ekstensheni na vifaa vya kutuliza umeme pia huharibu mawasiliano hayo. Ubora wa waya wa nyumba haujulikani mpaka ujaribu, hivyo nunua tu kwa muuzaji atakayekubali kwa maandishi kurudishiwa.

KEBO NA KITUO CHA PILI. Hapa kebo ya mtandao inatoka kwenye ruta ya nyumbani hadi bandani, na bandani inafungwa ruta ya pili au kifaa maalumu cha kurusha mawimbi. Mawimbi hayavuki tena ukuta wala bati. Yanazaliwa ndani ya banda lenyewe. Lile bati lililokuwa adui sasa linasaidia kuyazuia yasitoke nje. Kebo ya shaba ya daraja la Cat5e au Cat6 hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, umbali unaotosha viwanja vingi vya mjini. Tathmini yetu: gharama ya mwanzo ni kubwa kuliko ya ripita, lakini ndiyo njia ya uhakika kuliko zote, na ikifungwa vizuri hukaa miaka.

DARAJA LA MAWIMBI. Hizi ni antena mbili zinazotazamana, moja kwenye ukuta wa nyumba na nyingine kwenye jengo la pili. Watengenezaji kama TP-Link, Ubiquiti na MikroTik wana vifaa vya aina hii. Mawimbi yao hayatawanyiki kila upande, hivyo huvuka mamia ya mita na hata kilomita kadhaa, mradi antena zionane. Mwembe ukisimama katikati, biashara imeharibika, hasa majani yakiwa yameloa mvua. Njia hii inamfaa mwenye shamba la kuku mbali na nyumba, au mwenye ua wa sakafu ya zege ambao hawezi kuuchimba. Kwa mita 25 ni kutumia lori kubebea kilo mbili za sukari.

Hesabu ya mtaji

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tuchukue mfano wa fundi cherehani mwenye banda la bati mita 25 nyuma ya nyumba. Bei zilizo hapa ni za mfano tu, kwa shilingi za Tanzania. Msomaji aweke bei aliyopewa dukani siku anayonunua.

Fundi huyu ananunua bando la Sh. 1,000 kila siku ya kazi. Kwa siku 26 ni Sh. 26,000 kwa mwezi, juu ya intaneti ya nyumbani ambayo tayari ameilipia.

Gharama za kufunga kebo:
Kebo ya nje, mita 40 kwa Sh. 2,000: Sh. 80,000
Bomba la plastiki, mita 30 kwa Sh. 1,500: Sh. 45,000
Kituo cha pili: Sh. 80,000
Viunganishi na kinga ya radi: Sh. 30,000
Ufundi: Sh. 50,000
Jumla: Sh. 285,000

Msomaji asishangae kuona mita 40 kwa ua wa mita 25. Kebo hupanda ukuta, huzunguka kona na kushuka tena. Anayenunua mita 25 kamili atarudi dukani.

Kituo kinachotumia wati 10 kikiwaka mchana na usiku kwa siku 30 kinakula yuniti 7.2 za umeme. Tukikadiria Sh. 350 kwa yuniti, ni Sh. 2,520 kwa mwezi. Anachookoa kwa mwezi, basi, ni Sh. 23,480. Gawanya Sh. 285,000 kwa kiasi hicho, mtaji unarudi baada ya miezi 12 na siku chache. Ikiwa bandani kuna watu wawili na kila mmoja ananunua bando, anachookoa kinakuwa Sh. 49,480, na mtaji unarudi kabla ya miezi sita kwisha.

Sasa tazama ripita. Tuseme ni Sh. 60,000. Ikifanya kazi, hata ukikata kiasi kilekile cha umeme, fedha inarudi kwa miezi miwili na nusu hivi. Hiyo ni faida kubwa kuliko ya kebo, na asiyeihesabu atajinyima bure. Lakini isipofanya kazi, Sh. 60,000 zimepotea, na bando la kila siku linaendelea. Kinachoamua ni kile kipimo cha simu. Namba ikiwa nzuri dirishani mwa chumba cha nyuma, na ndani ya banda mlango ukifungwa isianguke sana, nunua ripita kwa moyo mweupe. Namba ikianguka mlango wa bati unapofungwa, ripita ni bahati nasibu.

Hasara kubwa zaidi tunayoiona ni ya anayepanda ngazi moja moja: anaanza na ripita, anaongeza ruta ya antena nyingi, anapandisha kifurushi kwa miezi mitatu, kisha anaishia kwenye kebo. Huyo amelipa kebo yake mara mbili.

Tahadhari dukani

Kebo ya mtandao ni bidhaa inayochakachuliwa sana. Iliyo ya kweli ina nyaya nane za shaba tupu. Ya kuigiza ina nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba kwa juu, na haitimizi kiwango cha Cat5e wala Cat6 hata kama maandishi ya nje yanadai hivyo. Aluminiamu hupitisha umeme vibaya kuliko shaba na hukatika upesi ikikunjwa.

Kuitambua si kazi. Omba kipande, chuna waya mmoja, kisha ukwangue kwa kisu. Shaba tupu ni nyekundu mpaka ndani. Ya kuigiza itaonyesha weupe. Uzito nao ni shahidi, kwa kuwa aluminiamu haifiki theluthi moja ya uzito wa shaba. Boksi zima la kebo huwa na mita 305, na boksi jepesi kuliko mengine ya daraja lake lina sababu.

Boksi hilo lina nafuu yake pia. Bei ya jumla kwa mita huwa chini ya rejareja, hivyo majirani watano au sita wenye shida moja wanaweza kununua boksi na kugawana. Wadai kebo ya nje, yenye ganda jeusi linalostahimili jua. Ile ya ndani, ya kijivu au bluu, hupasuka ikianikwa juani.

Mnunuzi apate risiti na waranti ya kila kifaa. Hali kadhalika ahakikishe kuwa vifaa vya kurusha mawimbi vimeidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake, kwa Tanzania ikiwa TCRA.

Tahadhari wakati wa kufunga

Kebo ya mtandao ipite katika bomba lake yenyewe. Kuitia bomba moja na waya wa umeme ni hatari kwa watu na vifaa. Bomba lifukiwe kwa kina ambacho jembe la bustani halifiki, na mwenye nyumba achore mahali lilipopita, maana atakayechimba shimo la mchicha mwaka ujao huenda asiwe yeye.

Mafundi wengine hupenda kutundika kebo kutoka paa hadi paa ili kuokoa gharama ya kuchimba. Katika maeneo yenye radi nyingi, kama ukanda wa Ziwa Victoria na mashariki ya Kongo, kebo ya shaba iliyotundikwa hewani ni mwaliko. Si lazima radi ipige kebo yenyewe. Ikipiga jirani, mshtuko hupita ndani ya shaba na kuunguza ruta za pande zote mbili. Kuifukia na kufunga kinga kunapunguza hatari, ila hakuimalizi.

Kwa mwenye hofu hiyo, au mwenye banda lenye Luku na waya wa ardhini tofauti na wa nyumba, soko lina jibu jingine, nalo ni faiba. Kebo ya faiba isiyo na chuma ndani haipitishi umeme kabisa, kwa hiyo majengo mawili hayaunguzani. Inahitaji kifaa cha kubadilishia kila upande na inauzwa ikiwa imekwisha kufungwa vichwa vyake. Gharama inaongezeka, ila ruta zilizoungua nazo ni gharama.

Umeme ukikatika, kituo cha bandani huzimika pamoja na ruta. Vipo vifaa vinavyopokea umeme kupitia kebo hiyohiyo ya mtandao, mpango ambao mafundi huuita POE. Faida yake ni kwamba betri moja ndogo ya akiba nyumbani inawasha ruta na kituo cha bandani pia. Kwa wakala wa fedha za simu, saa mbili za jioni bila umeme ni saa za wateja.

Mwisho wa kazi, fundi asiondoke kabla ya mambo matatu. Ruta ya pili izimwe kazi ya kugawa anwani za mtandao, ili isigombane na ya kwanza. Ruta mbili zikigawa anwani pamoja, simu zitaunganishwa lakini intaneti haitafunguka. Masafa ya 2.4 katika vituo hivyo viwili yawekwe chaneli tofauti kati ya 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani. Na kasi ipimwe bandani mbele ya mwenye mali, mlango ukiwa umefungwa, ilinganishwe na ile iliyoandikwa siku ya kwanza. Malipo ya mwisho yafuate baada ya hapo.

Wateja, wapangaji na sheria

Mtandao ukishafika bandani, wateja wataomba nywila. Kuwapa ni ukarimu, lakini wasiwekwe katika mtandao mmoja na simu ya malipo, kompyuta ya mahesabu na kamera. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni unaotenganisha pande hizo. Fundi aulizwe kama unaendelea kutenganisha hata kwenye kituo cha pili, maana si vifaa vyote hufanya hivyo. Nywila ya kiwandani ya ruta ibadilishwe siku hiyohiyo, na ulinzi uwe WPA2 au WPA3.

Kwa mwenye vyumba vya kupangisha, Wi-Fi ni kivutio kinachoweza kumpatia mpangaji haraka. Asome kwanza mkataba wake na mtoa huduma kama unaruhusu matumizi hayo. Na anayefikiria kuvuta kebo kuvuka uzio na kuwauzia majirani kwa mwezi ajue kuwa ameingia katika biashara ya mawasiliano, ambayo inataka leseni.

Ushauri wa wiki

Hamisha ruta kwanza. Pima kwa simu, mlango wazi na mlango umefungwa, na uandike namba. Ripita inunuliwe pale tu vipimo vinapoikubali. Banda la bati liwekewe kebo, na ardhi yenye radi ifikiriwe faiba. Kifurushi kisipandishwe mpaka kasi ya karibu na ruta iwe imeonekana kuwa haitoshi.

Aliyezoea kununua bando la Sh. 1,000 kila asubuhi haoni kama anapoteza, kwa kuwa elfu moja haiumi. Ajumlishe za mwaka mzima: kwa siku 26 kila mwezi ni Sh. 312,000, fedha ambazo katika mfano wetu zingelipa kebo, bomba, kituo na fundi, na chenji ya Sh. 27,000 ikabaki.